Bi Nusaiba na Visu Arubaini vya Ukba

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi yaliyopita, kwamba jambo hili lilianza siku ya Jumatatu, tarehe sita ya Mfunguo Tatu, saa tisa unusu ya mchana, watu wakisubiri adhana ya alasiri na zikiwa zimebaki siku nne kufika Idi ya kuchinja. Waliolipokea wamehitilafiana kuhusu jina la mji. Wamekubaliana tu kwamba ulikuwa katika milima ya Yemen, kwamba ulikuwa na kichochoro kimoja cha wahunzi chenye viwanda kumi na kimoja, na kwamba mwisho wa kichochoro hicho palikuwa na mlango wa mwanamke mcha Mungu aitwaye Bi Nusaiba.

Bi Nusaiba alikuwa mjane wa mhunzi. Mumewe, Tamimu, Mola amrehemu, aliuawa na wanyang'anyi katika njia ya mlimani miaka saba kabla ya siku hiyo, akirudi na mzigo wa chuma. Alimwachia mkewe tupa moja ya kusugulia chuma, ufito mmoja wa shaba, na elimu ambayo hata wahunzi wakongwe wa mji ule hawakuwa nayo: elimu ya kujua kama kisu kimepikwa sawasawa katika moto.

Sisi tumeamrishwa, tukichinja, tuchinje kwa wema, na makali yawe yamenolewa ili mnyama asiteseke. Watu wa mji ule waliichukua amri hiyo kwa uzito. Walisema kwamba makali kila mwenye macho huyaona, lakini moto uliopita katika kisu hauonekani. Kisu kilichozidishiwa moto hukatika kikigusa mfupa. Kilichopunguziwa moto hukata vizuri mnyama wa kwanza, makali yakajikunja kwa wa pili, na wa tatu akateseka. Basi ikawa ada yao kwamba kisu cha Idi hakiuzwi mpaka Bi Nusaiba akipime na kukifunga uzi mweupe kwenye mpini. Kisichokuwa na uzi kilikwenda jikoni kukata vitunguu.

Namna yake ya kupima ilikuwa hivi. Wahunzi walimletea visu vikiwa na weusi wake vilivyotoka nao motoni, kwa kuwa kisu kilichosuguliwa kikang'aa huweza kuficha ufa. Sasa, moto una tabia ya kula uzuri wa chuma upande wa juu, kikabaki na ngozi laini, nyembamba kama ganda la kitunguu, hata kama ndani ni kigumu. Kwa hiyo Tamimu alimfundisha mkewe apige tupa mara kumi mahali pamoja, karibu na mpini. Tano za mwanzo ni za ngozi, nazo hazihesabiwi. Tano za mwisho ndizo za kisu. Tupa ikizidi kung'ata mpaka ya kumi, chuma ni laini. Ikiteleza na kulia, chuma ni kigumu. Baada ya hapo aliyabonyeza makali juu ya ufito wa shaba aone kama yanapinda na kurudi. Kila kisu alikipima peke yake, hata vingekuwa mia mbili. Hakuna aliyewahi kumwona akipunguza.

Jumatatu hiyo aliyekuja na mzigo alikuwa Ukba.

Ukba alikuwa ameingia mjini miezi kumi na mmoja nyuma, na mkewe, na fuawe la kufulia chuma juu ya punda. Hakuficha habari zake. Kwa miaka tisa aliwafulia panga na majambia wale wanyang'anyi wa njia ya mlimani, kisha Mola akamwongoa, akatubu, akawakimbia. Ada ya kichochoro ilikuwa kumpa mhunzi mgeni muda wa kujaribiwa mpaka visu vyake vya Idi ya kwanza. Vikifungwa uzi, hupewa kiwanda chake, akawa mtu wa mji. Visipofungwa, hufungasha fuawe lake kabla ya Idi na kwenda zake. Ukba alikuwa sasa na binti mchanga aliyezaliwa mjini humo, wala hakuwa na pengine pa kwenda ila kule alikotoka.

Aliweka furushi la visu arubaini mbele ya Bi Nusaiba. Wahunzi wakasogea kutazama, na mmoja wao, Harithi, mtu wa mzaha, akasema, "Ukba, hivi vimekwisha jaribiwa kwenye kamba za mizigo ya watu, au bado?"

Watu wakacheka. Ukba akajibu, "Vya zamani vilikata zaidi ya kamba, ndugu yangu. Hivi naomba vikate halali."

Bi Nusaiba hakucheka. Alichukua kisu cha kwanza, akapiga tupa mara moja, mara mbili, mara tatu. Tupa iling'ata, na unga wa chuma ukamwagika juu ya nguo yake. "Laini," akasema. Akachukua cha pili, akapiga mara tatu, ikang'ata. "Laini kama madini ya risasi." Cha tatu hakukigusa. Alilisukuma furushi kwa mgongo wa mkono. "Chukua mzigo wako. Humu sifungi uzi hata mmoja."

Ukba aliinama, akaitazama ile alama ya tupa, kisha akauliza kwa adabu, "Bibi, umepiga mara ngapi?"

"Mara za kutosha."

"Jamani!" akapaza sauti Harithi. "Mnyang'anyi anamfundisha kadhi kuhesabu!"

Kicheko kikavuma kichochoro kizima. Ukba akakusanya visu vyake kimoja kimoja, akavifunga. "Hukumu ya Mola wangu nimeiridhia," akasema. "Hii nyingine, Bibi, nakuachia wewe mwenyewe."

Mkewe alipomuuliza kwa nini hakudai vipimwe tena, alimwambia, "Aliyeuza panga kwa wauaji akisimama sokoni kudai haki, nani atamsikiliza? Tusubiri. Anayeona ndani ya chuma hakulala." Kesho yake, Jumanne, adhuhuri ilipokwisha kusaliwa, walianza kufungasha.

Siku hiyo hiyo, kabla ya alasiri, Bi Khaula alifika kwa Bi Nusaiba. Huyu alikuwa jirani yake, muuza supu ya vichwa vya mbuzi, mwanamke asiyejua kunong'ona.

"Shoga, leo nimekuja kukucheka," akasema, akaketi bila kukaribishwa. Akatoa kisu ndani ya kikapu. "Unakijua?"

"Ni cha yule mtu."

"Mkewe kanipa jana jioni, zawadi ya kuagana, maana mimi ndiye niliyemzalisha. Mume wangu akakitia jiwe mara moja tu. Tangu alfajiri nimechuna vichwa kumi na vinne, nimegonga mifupa, nimegonga meno. Na bado ukitaka nikunyoe nyusi, nakunyoa sasa hivi."

"Kisu laini hunoleka upesi na kufa upesi. Kesho utakuja kulia."

"Labda," akasema Bi Khaula. "Lakini nilicho nacho nyumbani, chenye uzi wako mweupe, kichwa cha sita huwa kimekwisha omba jiwe."

Bi Nusaiba akakichukua kisu kwa hasira kidogo, akavuta tupa. Akapiga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Iling'ata kama jana. "Unaona?"

"Naona unapiga. Endelea."

Ya nne iling'ata kwa shida. Ya tano sauti ilibadilika. Ya sita tupa iliteleza, ikatoa mlio mwembamba kama ukucha juu ya kioo, na Bi Khaula akaziba masikio. Ya saba, ya nane, ya tisa. Ya kumi haikuacha hata mkwaruzo. Bi Nusaiba akayaweka makali juu ya ufito wa shaba na kuyabonyeza. Makali yalipinda kama ukingo wa jani bichi. Alipoondoa mkono yalirudi, yakanyooka, kana kwamba hayajaguswa.

"Khaula, nipe kisu hiki nikivunje."

"Umerukwa na akili?"

"Nitakupa changu. Nipe."

Kupima kwa kuvunja ndiko kupima kusiko na shaka, ila hakuna akufanyaye, kwa kuwa ukikwisha kukijua kisu huna kisu tena. Bi Nusaiba alikibana katika ufa wa kizingiti cha jiwe, akakizungushia kitambaa, akainua nyundo ya marehemu mumewe. Alipiga mara mbili, hakikukubali. Ya tatu kikakatika.

Akachukua kipande, akatoka nacho juani kutazama mahali kilipokatika. Chuma kilichozidishiwa moto, ukikivunja, ndani yake humetameta kama chumvi ya mawe. Kilichopikwa vizuri huwa na punje ndogo kama za mchanga. Hiki hakikuwa na punje. Palikuwa na rangi ya jivu tu, laini, tulivu, kama hariri ya kijivu iliyokatwa kwa mkasi. Alikigeuza huku na huku apate japo chembe moja ya kumeta, hakuipata. Tamimu aliwahi kumwonyesha kitu cha namna hiyo mara moja katika umri wake wote. Alimwambia kwamba moto ukifika pale unapotakiwa, muda wa kukitoa chuma ni kama kupepesa jicho. Ukichelewa, punje huvimba ndani, na nje hakuna linaloonekana. Na asiyekuwa na haraka, akikipika kwa moto mdogo mdogo mpaka joto liingie lote, hupata chuma kama hicho ndani, na nje hupata ngozi nene zaidi, kwa kuwa moto umekaa nacho muda mrefu.

Akaketi mlangoni. "Subhanallah," akasema. "Subhanallah. Kilikuwa humu." Mtu mmoja, aliyechekwa kila alipopita, alikuwa amesimama mbele ya moto, macho hayapepesi, akaweka uzuri ule mahali ambapo jicho la kiumbe halingefika ila kwa kukivunja kisu. Aliuweka pale kwa ajili ya nani? Asiyejua wahunzi atasema kwa ajili ya wanunuzi. Bi Nusaiba alijua wanunuzi hawaoni. Machozi yakamtoka mbele ya jirani yake bila kuyafuta.

Bi Khaula, kwa mara ya kwanza, alinong'ona. "Shoga, kuna nini humo?"

"Kuna mja wa Mungu," akajibu.

Kisha ikamjia hofu. Habari ya ngozi ya chuma aliijua tangu ujana wake, na mara kumi ilikuwa kanuni yake mwenyewe. Aliutazama mkono wake wa kulia, akajiuliza kwa nini jana uliishia mara tatu, na jibu alikuwa nalo.

Jua likielekea kuzama alikwenda kwa Sheikh Nadhiri, msimamizi wa soko, mtu mwadilifu na mpenda amani. Huko akaambiwa kwamba Ukba na ahali yake wametoka mjini baada ya alasiri, watalala katika nyumba ya wasafiri kwenye kisima cha kwanza, na kuondoka kutakapopambazuka. Akamweleza Sheikh yote na kumwonyesha kile kipande.

Sheikh Nadhiri alikitazama sana. Akasema, "Hili jepesi, Bibi. Tutatangaza kwamba ngozi ya chuma ilikuwa nene, ikakuhadaa, kisha ukagundua. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi yamekwisha."

"Ni kweli, Sheikh, lakini silo lililotokea. Mimi nilipiga tupa mara tatu. Sijawahi kumpigia mtu mara tatu."

Sheikh akasema polepole, "Bibi, elewa. Ukisema hivyo mbele ya watu, kila mhunzi uliyemkatalia kwa miaka saba atakuja mlangoni kwangu. Na uzi wako mweupe nani atauamini?"

"Waje, nitawapimia upya. Na uzi mkiuchukua, mmeuchukua. Lakini nikisema ngozi ilinihadaa, watu watasema visu vya Ukba vina ngozi mbaya. Nitakuwa nimemrudisha mjini na aibu yangu ikiwa juu ya mgongo wake."

Ilipokwisha sala ya magharibi, Sheikh aliwazuia wahunzi wasitoke. Bi Nusaiba alisimama nyuma ya pazia la wanawake, akasema maneno haya, kama yalivyotufikia:

"Visu vya Ukba nilivikataa bila kuvipima. Tupa ilihitaji mara kumi, mimi nilipiga mara tatu, na visu thelathini na vinane sikuvigusa kabisa. Sikudanganyika. Nilipomwona mtu yule niliona mkono uliomuua mume wangu, nikakata hukumu kabla ya kushika tupa. Nilikuwa naupima mkono, nikawaambia nyinyi napima chuma. Namwomba Mola wangu msamaha, na kesho nitakwenda kumwomba mwenyewe. Anayetaka kuutilia shaka uzi wangu, ana haki."

Harithi, yule mtu wa mzaha, akasema kutoka safu ya pili, "Mama, na sisi tulicheka."

Ndugu zangu katika imani, kisa hiki kimenikalisha kwa hofu kila nilipokirudia. Wengi wetu hatuna nguvu ya kusema uongo mkubwa, tukashukuru kwa hilo. Lakini ule ukweli mdogo unaofunika ukweli mkubwa tunao kila siku midomoni, na tunautamka tukiwa na udhu. Bi Nusaiba alipewa ukweli wa namna hiyo na mtu mwema, bure, akaukataa. Mola atupe nusu ya woga wake.

Jumatano, tarehe nane, sala ya alfajiri ilipokwisha, alitoka kwa miguu kupitia lango la mji, na Bi Khaula nyuma yake akilalamikia mawe ya njiani. Walimkuta Ukba kwenye kisima akikaza kamba za mzigo, mkewe ameshika mtoto. Bi Nusaiba alimtolea salamu, akayarudia maneno aliyoyasema msikitini, bila kupunguza.

Ukba aliinamisha kichwa. "Ulikuwa na mume katika njia ile?"

"Tamimu. Mwaka wa saba sasa."

Mtu yule akashika ukingo wa kisima. "Bibi, mimi sijui. Wallahi sijui kama upanga ule ulitoka katika moto wangu. Kila usiku naomba usiwe wangu. Sijajibiwa."

Bi Nusaiba alisimama kwa muda ambao Bi Khaula, aliposimulia baadaye, alisema ulimtosha kusoma Yasini nzima. Kisha akasema, "Nami nitaomba hivyo hivyo. Fungua mzigo."

"Hakuna haja tena," akasema Ukba. "Umekwisha kunisafisha mbele ya watu. Funga uzi tu, twende."

"Nilivikataa bila kuvipima. Nikivikubali bila kuvipima, nitakuwa nimekudhulumu mara ya pili."

"Mwacheni," akasema Bi Khaula, akijitupa kivulini. "Huyu hata peponi ataingia na tupa."

Bi Nusaiba aliketi chini, akatandika shuka, akapanga visu thelathini na tisa. Akaanza. Mara kumi, ufito wa shaba, uzi. Mara kumi, ufito wa shaba, uzi. Jua likapanda. Alipofika cha thelathini na moja, tupa iling'ata ya sita, ikang'ata ya saba, na ya kumi bado iling'ata. Mke wa Ukba akaacha kumbembeleza mtoto.

Bi Nusaiba aliinua macho. "Hiki hapana," akasema.

Ukba alikitazama, na kwa mara ya kwanza tangu aingie katika mji ule, watu wakamwona akitabasamu. "Siku ile mtoto alikuwa na homa," akasema. "Nilisikia analia, nikakitoa motoni mapema. Nilijua kimoja kimo humo, nikashindwa kukumbuka ni kipi."

Bi Nusaiba akakiweka kando, juu ya jiwe, bila uzi, akanyoosha mkono kuchukua kinachofuata.